Mkaguzi, Mtahini au Mjaribu? Maoni juu ya Istilahi Moja ya Kazi za Kompyuta

Istilahi "mkaguzi wa programu" imeanza kuzoeleka. Tumeikuta katika matangazo ya kazi, katika tafsiri za mikataba ya ununuzi wa mifumo ya kompyuta, na katika mihtasari ya mafunzo inayoletwa mezani petu ili lugha yake isahihishwe. Anayekusudiwa ni yule mfanyakazi ambaye vijana wa kazi hiyo humwita "testa", yaani mtu anayeijaribu programu ili aone kama inafanya kile inachotakiwa kufanya, na kama haifanyi kile isichotakiwa. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ina dosari mbili, moja katika kila neno lililoiunda, na kwamba dosari hizo si za lugha tu. Zinamweka mtu mahali pasipo pake, na zinaifanya kazi yake ifike wakati usio wake.

Mfano ulio karibu ni rasimu ya muundo wa utumishi ya ofisi moja ya umma, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Mwandishi wa rasimu hiyo aliifuata maana ya neno kwa uaminifu kamili: aliyeitwa mkaguzi akawekwa katika Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani, pamoja na wakaguzi wa hesabu, akaagizwa awasilishe taarifa yake kila baada ya miezi mitatu. Waandishi wa programu walikuwa katika kitengo kingine, chini ya mkuu mwingine. Hakuna kanuni ya utumishi iliyovunjwa, wala hakuna mtu aliyezembea. Neno ndilo lililomhamisha mtu.

Ili istilahi ihukumiwe kwa haki hapana budi dhana yenyewe ielezwe kwanza. Kwa muda mrefu programu kubwa zilijengwa kwa hatua zilizofuatana kama mabehewa ya treni. Mahitaji yaliandikwa yote, ukafuata usanifu, kisha uandikaji wa programu, na mwishoni kabisa majaribio. Mmarekani Winston Royce aliuchora mpango wa namna hiyo katika makala yake ya mwaka 1970. Yafaa ikumbukwe kwamba Royce mwenyewe, katika makala iyo hiyo, alionya kuwa kuufuata mpango huo vivi hivi ni hatari, kwa sababu mambo yaliyokuwa yakikisiwa tu katika hatua za awali huonekana kwa macho kwa mara ya kwanza wakati wa majaribio, na wakati huo kurudi nyuma ni ghali. Wengi waliukumbuka mchoro, wakalisahau onyo. Katika mpango huo testa alikuwa na idara yake, mlango wake na zamu yake, nayo ilikuwa zamu ya mwisho. Kama tungetakiwa kumpa jina enzi hizo, pengine "mkaguzi" asingekuwa mbali sana na ukweli.

Mnamo Februari 2001 watu 17 wa kazi hiyo walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi lililoipa jina njia nyingine ya kufanya kazi. Jina hilo kwa Kiingereza lina maana ya wepesi wa kujigeuza, kama ule wa paka au wa mlinda mlango hodari. Wafanyakazi wetu hulitamka "ajaili". Wako wanaolitafsiri kuwa "mbinu nyepesi", nasi hatukubaliani nao, kwa kuwa katika Kiswahili kazi nyepesi ni kazi rahisi, na hii si rahisi hata kidogo. Katika makala hii tutaiita njia ya duru fupi, kwa maana hilo ndilo linaloonekana: kazi hugawanywa katika duru za majuma machache, na mwisho wa kila duru sharti pawepo kitu kilichokamilika ambacho mtu anaweza kukitumia. Utaratibu ulioenea zaidi ndani ya njia hii huitwa Skramu, jina lililotoka katika mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukuma pamoja. Katika Skramu duru haizidi mwezi mmoja, na timu kwa kawaida haizidi watu 10.

Msomaji ataona mara moja jambo linalomfika testa. Katika duru ya majuma mawili hakuna tena "mwishoni kabisa". Akingoja programu ikamilike ndipo aanze kazi yake, duru itakwisha kabla hajafungua daftari. Kwa hiyo ama kazi yake inakufa, ama inahama.

Imehama. Tuchukue timu inayounda mfumo wa kuandikisha wagonjwa katika zahanati. Siku ya kwanza ya duru, kabla ya mstari wowote wa programu kuandikwa, testa huketi na mwakilishi wa zahanati pamoja na mwandishi wa programu, akauliza maswali. Mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa ataandikwaje? Je, wote wa namna hiyo watapewa tarehe 1 Januari, na ikiwa ndivyo, wauguzi watawatofautishaje wanawake watatu wenye jina moja, kijiji kimoja na tarehe moja? Jina kama Nyang'oro litapokelewa salama, au ile alama iliyo juu ya ng' itachukuliwa na mashine kuwa ndiyo mwisho wa jina? (Hitilafu hii ya mwisho ni ya kale na inajulikana popote programu zinapoandikwa, lakini katika lugha yenye ng' inauma zaidi.) Muuguzi akiandika "saa 2", mfumo utaelewa saa 2 ipi, ya asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, au ya usiku wa manane kwa hesabu ya mashine? Umeme ukikatika katikati ya kuandikisha, mgonjwa amekwisha kuandikwa au hajaandikwa?

Maswali haya hayakagui kitu chochote, kwa maana hakuna kitu bado. Yanakizuia kisizaliwe na kilema. Majibu yake huandikwa kwa mifano, na mifano hiyo ndiyo inayokuwa kipimo cha kazi ya duru nzima. Mmarekani Kent Beck na wenzake walikwenda mbele zaidi, wakataka mwandishi wa programu aandike jaribio kabla ya kuiandika programu itakayojaribiwa. Siku zinazofuata testa huijaribu kila sehemu siku ile ile inapoandikwa, mara nyingi akiwa ameketi kando ya aliyeiandika. Huandika majaribio ambayo mashine itayarudia yenyewe kila programu inapobadilishwa. Na hutenga saa za kuutumia mfumo kama mtu mwenye haraka, mtu mwenye hasira, au mtu aliyebonyeza mara mbili. Lisa Crispin na Janet Gregory, ambao kitabu chao cha mwaka 2009 ndicho kilichoieleza kwa mapana nafasi ya testa katika njia hii, wanasisitiza kwamba ubora ni jukumu la timu nzima. Testa ndiye anayeiongoza timu katika kulitimiza jukumu hilo, lakini haibebi peke yake.

Sasa tumweke mkaguzi mahali hapo tuone kama atakaa. Katika Kiswahili cha utumishi neno hili lina historia ndefu na maana iliyokwisha kukomaa. Tunaye mkaguzi wa shule, mkaguzi wa nyama na mkaguzi wa hesabu, na juu yao wote yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hawa wote wana sifa tatu zinazofanana: hutoka nje ya wanaokaguliwa, huja baada ya kazi kufanyika, na taarifa yao humwandikia mtu mwingine asiye yule waliyemkagua. Sifa hizi ndizo heshima ya mkaguzi. Mkaguzi wa hesabu aliyeketi na mhasibu wakajaza vitabu pamoja ni mkaguzi wa kushtakiwa. Testa asiyeketi na mwandishi wa programu ni testa asiyefanya kazi yake. Neno linalomtaka mtu akae mbali haliwezi kumfaa yule ambaye ustadi wake wote umo katika ukaribu.

Lipo jingine, ambalo walimu watalielewa kuliko sisi. Mkaguzi akitangazwa kuja, shule hufagiliwa, madaftari husahihishwa usiku kucha, na mtoto mtukutu huombwa abaki nyumbani. Hiyo ndiyo adabu ya kumpokea mkaguzi, na kila mtu anaijua. Katika njia ya duru fupi tabia hiyo ni sumu. Mwandishi wa programu anatakiwa aonyeshe kazi ikiwa mbichi, aonyeshe hasa pale anapoona haya, kwa sababu kasoro iliyogunduliwa leo hurekebishwa kwa dakika chache, na iliyofichwa hadi mwisho wa duru huwa imekwisha kujengewa juu yake. Ukimwita mwenzake "mkaguzi", umemfundisha kuficha kabla hujamfundisha kitu kingine.

Hatusemi kwamba neno hili halina mahali popote katika kazi za kompyuta. Wako watu wanaoalikwa kutoka nje, baada ya mfumo kukamilika, ili wauchunguze usalama wake au ulinganifu wake na sheria, kisha watoe hati. Hao ni wakaguzi kwa maana kamili, na tungependa neno lihifadhiwe kwa ajili yao. Tukilitumia kwa wote wawili, mwandishi wa mkataba wa Serikali hatakuwa na njia ya kusema kwamba anawataka wote wawili, nayo kampuni itakayoshinda zabuni itakuwa na haki ya kumleta mmoja tu, tena mwishoni.

Badala yake wengine wamependekeza "mtahini". Hili tunalipita haraka. Mtahini hutoa alama, na mtahiniwa hufaulu au hufeli. Programu kwa kawaida haifeli wala haifaulu, bali inatofautiana na matarajio hapa na pale, na kazi iliyo ngumu ni kueleza inatofautianaje na kwa hasara ya nani.

"Mhakiki" linastahili kusikilizwa zaidi, maana ni neno zuri na wahakiki wa fasihi wamelitumia kwa heshima. Mhakiki mwema huisoma kazi kwa undani, hueleza na wala hahukumu tu. Lakini nje ya fasihi neno limechukua njia nyingine. Watumishi wa umma wa Tanzania wakisikia "uhakiki" wanakumbuka uhakiki wa vyeti, ambao mwezi Aprili 2017 ulitoa orodha ya watumishi 9,932 waliosemwa kuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya hapo ni vigumu neno hilo likaingia katika ofisi ya umma bila watu kushika mikoba yao. Aidha, kuhakiki ni kuthibitisha kwamba kitu ni kile kinachodaiwa kuwa. Ni nusu ya kazi ya testa, na ndiyo nusu iliyo rahisi.

"Mpimaji" lina kasoro ya namna hiyo hiyo. Anayepima ana kipimo mkononi na jibu linalotazamiwa kichwani. Mpima ardhi hagundui kitu kipya juu ya shamba. Anasema lina ukubwa gani. Hata hivyo hatulitupi. Tangu mwaka 2009 James Bach na Michael Bolton, ambao ni mabingwa wa fani hii, wamekuwa wakitofautisha mambo mawili ambayo Kiingereza kilikuwa kikiyachanganya: kulinganisha matokeo na jibu linalojulikana, kazi ambayo mashine inaweza kuachiwa, na kuuchunguza mfumo ili kugundua jambo ambalo hakuna aliyefikiria kuliuliza, kazi inayohitaji akili ya mtu. Kwa Kiswahili la kwanza ni kupima, na la pili ni kuchunguza. Tunayo maneno haya mawili tayari, wala hayahitaji kutoholewa wala kuundwa. Tunapendekeza "kipimo" kwa jaribio ambalo mashine hulirudia yenyewe, na "uchunguzi" kwa lile linalofanywa na mtu anayejifunza mfumo huku akiutumia. Mtu mmoja hufanya yote mawili, na kwa sababu hiyo hatuwezi kumpa jina la moja.

Mwenzetu mmoja alipendekeza "mwonjaji", nusu kwa mzaha. Tulicheka, lakini mzaha huo una akili kuliko mapendekezo mengi yaliyoandikwa kwa mashine. Mpishi huonja mchuzi ukiwa bado jikoni, wakati chumvi ingali inaweza kuongezwa. Na kuonja si kazi ya mtu wa nje ya jiko. Zaidi ya hayo Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969, kuonja ni taaluma inayolipwa mshahara. Tatizo ni kwamba anayeonja haongezi swali lolote kabla ya sufuria kuinjikwa, na kwamba katika jedwali la mishahara neno hilo lingehitaji kuelezwa kila mwaka.

Hadi hapa tumezungumzia nusu ya kwanza ya "mkaguzi wa programu". Nusu ya pili, ambayo huachwa bila kuulizwa, ina madhara makubwa zaidi. Kinachojaribiwa ni nini hasa? Ni programu?

Mnamo tarehe 1 Oktoba 2013 Serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ambayo kwayo wananchi wa majimbo 36 walitakiwa kununua bima ya afya kufuatana na sheria ya mwaka 2010. Siku ya kwanza watu sita tu ndio walioweza kufika mwisho na kuandikishwa. Tarehe 24 ya mwezi huo huo wakuu wa kampuni zilizoijenga waliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi. Mengi yalisemwa siku hiyo, lakini kwetu sisi wa istilahi la maana ni hili: kila kampuni ilieleza kwamba sehemu yake ilikuwa imejaribiwa. Kilichokuwa hakijajaribiwa vya kutosha ni tovuti nzima, kuanzia mwananchi anapoandika jina lake hadi kampuni ya bima inapopokea taarifa zake. Jaribio la namna hiyo lilifanyika katika majuma mawili tu ya mwisho, na waliohojiwa walikiri kwamba kwa kazi ya ukubwa ule ilifaa iwe miezi. Programu, moja moja, zilikuwa na wakaguzi wake. Mfumo haukuwa na mtu.

Baadaye timu ndogo ziliingia kazini, zikafanya marekebisho ya kila siku huku zikiitazama tovuti nzima ikifanya kazi, na ilipofika mwezi Desemba wananchi wengi waliweza kuitumia. Hatutaki kudai kwamba neno jingine lingeiokoa tovuti ile. Kiingereza kina maneno mengi ya jambo hili na hayakusaidia kitu. Tunachodai ni kidogo zaidi. Mtu anayeandika kwa Kiswahili hati ya zabuni au ya majukumu ya kazi, akiandika "programu", ameandika kipande. Akiandika "mfumo", ameandika kipande pamoja na vile vinavyoshikamana nacho: mashine ya pili inayopelekewa taarifa, karatasi inayochapwa, muuguzi anayesoma karatasi hiyo, na umeme unaokatika. Katika utumishi wetu neno "mfumo" limekwisha kushika mizizi, na "mchambuzi wa mifumo" ni cheo kinachoeleweka. Maswali tuliyoyataja ya zahanati, ya saa na ya tarehe ya kuzaliwa, karibu yote si ya programu. Ni ya mfumo.

Kwa hiyo tunapendekeza "mjaribu mifumo", na kwa wingi "wajaribu mifumo".

Tunajua pingamizi litakalokuja kwanza. Katika Biblia ya Kiswahili "mjaribu" ni jina la Ibilisi, na msomaji wa Kikristo hawezi kulisikia bila kukumbuka jangwa. Pingamizi hilo lina nguvu kwa neno lililosimama peke yake, nasi hatungependa mtu yeyote aitwe "mjaribu" tu katika kitambulisho chake cha kazi. Lakini Kiswahili kina desturi ya kumtambulisha mtendaji kwa kumwambatishia kitendwa chake, nacho kitendwa ndicho kinachokata shauri. Mpiga chapa, mpiga mbizi na mpiga ramli wanapiga vitu visivyofanana hata kidogo, wala hakuna anayewachanganya. Kitenzi "kujaribu", kwa kuwa asili yake ni Kiarabu, hakibadili irabu yake ya mwisho kinapozaa jina la mtendaji, hivyo umbo ni lile lile, na kazi yote ya kutofautisha inaachiwa neno linalofuata. "Mjaribu mifumo" hamjaribu mtu.

Pingamizi la pili ni kwamba kujaribu ni kufanya bila hakika ya kufaulu, na kwamba neno hilo litamfanya mfanyakazi aonekane mwanagenzi. Pengine. Lakini rubani wa majaribio haonekani mwanagenzi, na "majaribio" ndilo neno ambalo kila ofisi hulitumia inaposema kwamba mfumo mpya bado haujaanza rasmi. Jina la mtu lililo karibu na jina la kazi yake hukumbukwa bila kamusi.

La tatu ni zito kuliko hayo, nalo limetoka kwa wenye kazi wenyewe. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 unataja wahusika watatu tu ndani ya timu: mwenye dhamana ya bidhaa, mwenye dhamana ya utaratibu, na waundaji. Testa hatajwi, ni mmoja wa waundaji. Matoleo ya kabla ya hapo yalikwenda mbali zaidi, yakakataza timu ndogo ndani ya timu, hata kwa ajili ya majaribio. Basi, wanauliza, kwa nini Baraza lipoteze wakati kumbatiza mtu ambaye waliobuni utaratibu wamemfuta?

Tunajibu kwamba mwongozo umefuta cheo, haukufuta kazi. Umefanya hivyo kwa sababu njema, ili mwandishi wa programu asiseme "hilo ni la testa". Lakini kazi isiyo na jina hupotea kwa urahisi katika bajeti. Zipo kampuni kubwa, Microsoft ikiwa mojawapo karibu na mwaka 2014, zilizounganisha wahandisi wa majaribio na wahandisi wa uundaji katika vitengo vyao vingi. Zilikuwa na watu wenye uzoefu wa miaka mingi, ambao walihama na ustadi wao vichwani. Chuo kinachoanza leo kufundisha kwa Kiswahili hakina akiba hiyo. Hakiwezi kumfundisha mwanafunzi ustadi usioweza kutajwa, wala afisa utumishi hawezi kutenga nafasi ya mtu asiye na neno. Kumwita mjaribu mifumo hakumtoi katika timu, kama vile kumwita mtu kipa hakumtoi miongoni mwa wachezaji 11.

Limebaki jambo ambalo lisingekuwa letu kama si watafsiri kulivuruga. Kila siku mjaribu mifumo huandika taarifa za mambo aliyoyaona hayaendi sawa, nazo taarifa hizo ndizo zao lake. Mabingwa hutofautisha mambo matatu: mtu hukosea, kwa kukosea kwake jambo lisilo sawa hubaki ndani ya programu, na siku moja, programu ikiendeshwa, jambo hilo hujitokeza, mfumo ukafanya kisichotakiwa. Tafsiri nyingi tulizozisoma huyaita yote matatu "makosa". Hapa pia Kiswahili hakina upungufu. La kwanza ni kosa, na lina mwenyewe. La pili ni kasoro, nayo inaweza kulala miaka bila kuonekana. La tatu ni hitilafu, ndiyo inayomfikia mtumiaji.

Kama kuna anayedhani kwamba huku ni kuchagua maneno kwa kujifurahisha, na aitazame Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa kutegemea hesabu zilizotolewa na mfumo wa Horizon wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha. Upungufu ukaitwa kosa. Na kosa lina mwenyewe, naye alikuwa ni yule aliyeketi mbele ya mashine. Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu, na mwezi Desemba 2019 jaji akaamua kwamba kasoro zilikuwamo ndani ya mfumo wenyewe, na kwamba ziliweza kuleta upungufu ule. Mwaka 2024 sheria ya Bunge ilizifuta hukumu hizo kwa wingi. Swali lililobishaniwa katika kesi ile liliandikwa kwa maneno matatu ya Kiingereza, ambayo mtafsiri mvivu angeyafanya kuwa "wadudu, makosa au kasoro".

Hilo la "mdudu" tungeomba liachwe kabisa. Waingereza na Wamarekani wamelizoea, na mwaka 1947 mafundi wa Harvard walibandika nondo halisi katika daftari baada ya kumtoa ndani ya mashine yao, ijapokuwa neno lilikuwa likitumika miongoni mwa mafundi muda mrefu kabla ya hapo. Kwetu mdudu huingia mwenyewe, usiku, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyeacha dirisha wazi. Kasoro ya programu haikuingia. Iliwekwa na mmoja wetu, bila kukusudia, na timu inayosema hivyo waziwazi ndiyo timu ambayo mjaribu mifumo anaweza kufanya kazi ndani yake.

Kuhusu jina la fani yenyewe bado hatujaridhika. "Ujaribuji" ni zito mdomoni, na "majaribio ya mifumo" ni jina la tendo kuliko la taaluma. Kwa sasa tunatumia "kujaribu mifumo", tukiachia kitenzi-jina kibebe mzigo huo. Wasomaji walio katika timu za namna hii, ziwe za Serikali au za kampuni, tunawaomba watuandikie wanaitanaje wao kwa wao saa za kazi, wasipokuwa wakiandika taarifa ya kupelekwa juu.